Maswali yenu: Nani anaziua mashine nzuri za poka Las Vegas?

Wiki mbili zilizopita niligusia watu wa Las Vegas wanaoishi kwa kucheza poka ya mashine, na ugomvi wao na kasino, na wao kwa wao, juu ya nani aseme nini hadharani. Maswali yamekuja mengi. Nimechagua haya.

Mtu anaishije kwa mashine? Si zote zimetengenezwa zitule? (Mwanafunzi, Arusha)

Karibu zote, ndiyo. Poka ya mashine, ambayo hukupa karata tano, ukabakiza unazotaka na nyingine zikabadilishwa mara moja, ina upekee wake, na unatokana na kanuni za jimbo la Nevada: mashine ikionyesha mchezo wa karata, kila karata lazima iwe na nafasi ileile ya kutoka kama kwenye pakiti halisi. Kasino hairuhusiwi kuzichezea karata. Inachoweza kubadilisha ni malipo, na malipo yameandikwa usoni pa mashine. Anayejua hesabu husimama pale, akasoma mistari miwili, akajua inarudisha asilimia ngapi kabla hajatia hata senti.

Mchezo wa kawaida kabisa ni ule unaoanza kulipa ukipata jozi ya majeki. Toleo zuri hulipa 9 kwa ful hausi (karata tatu za namba moja pamoja na jozi) na 6 kwa flashi (karata zote tano za aina moja, mfano shupaza tupu), kwa kila sarafu uliyotia. Tuliite tisa-sita. Likichezwa bila kosa hurudisha asilimia 99.54. Toleo la nane-tano, ambalo mgeni hawezi kulitofautisha, hurudisha 97.30. Ipo pia michezo michache, kama ule ambao karata zote za mbili ni jokeri, ambayo ikiwa na malipo kamili hurudisha zaidi ya 100; huo wa jokeri hurudisha 100.76. Hapo kasino ndiyo inayopoteza, mradi mchezaji asikosee.

Nafanya kazi hotelini hapa Vegas. Nilisikia mchezaji akimfokea mwenzake kwa sababu ametaja kasino fulani mbele za watu. Kosa liko wapi? (Mhudumu wa vyumba, Las Vegas)

Chukua mashine ya dola moja ya tisa-sita. Mchezaji anatia sarafu tano kila raundi, kwa sababu royali flashi, mkono wa juu kabisa, hulipa 4,000 ukitia tano, na 250 tu kwa kila sarafu ukitia pungufu ya hapo. Akicheza raundi 800 kwa saa, amezungusha dola 4,000. Kwa asilimia 99.54 anatarajiwa kupoteza dola 18.40 kwa saa. Tuseme kadi yake ya uanachama inamrudishia, kwa pointi, robo asilimia ya alichozungusha, yaani dola 10. Bado yuko chini. Sasa kasino inatangaza kwamba kila Jumatano pointi ni mara tatu. Zile dola 10 zinakuwa 30, na bwana huyu ana faida ya dola 11.60 kwa saa. Si utajiri, lakini ndiyo riziki yake.

Wakijua watu sita, hakuna anayeshtuka. Wakijua sitini, Jumatano mashine zote zimekaliwa tangu asubuhi na watu wasiocheza kitu kingine, hawanunui chakula wala kinywaji, na pointi zikirudi kawaida hao wanaondoka. Alhamisi meneja anafungua ripoti yake. Hahitaji kujua hesabu ya karata hata kidogo, anaona tu kwamba siku ya tangazo ndiyo siku ya hasara. Basi 9 inageuzwa kuwa 8, na 6 kuwa 5. Saa ileile sasa inagharimu dola 108, na hata pointi mara tatu haziokoi kitu. Au mashine zinaachwa kama zilivyo, ila chini ya tangazo kunaongezwa mstari wa herufi ndogo: pointi za ziada hazihusu poka.

Kwa hiyo aliyefokewa hakutoa siri ya hesabu, maana hiyo haijawahi kuwa siri. Alichotoa ni mahali na siku. Mimi naona hapo mfokaji ana haki, lakini nusu tu. Hata yeye asingejua kucheza iwapo watu wa mwishoni mwa miaka ya 1980, mfano Lenny Frome, mhandisi mstaafu, wasingechapisha hesabu zao kila mtu azisome. Wengi wanaodai wenzao wanyamaze wamesomeshwa na waliosema. Tena hayo wanayoandikiana hadharani, watu wa kasino nao wanaweza kuyasoma.

Je, kasino inaweza kumfukuza mtu kwa sababu tu anajua kucheza? (Baba Neema, Minneapolis)

Nevada inaweza. Kasino huko ni mali binafsi, na sheria imeiachia haki ya kumkataa mteja hata kama hajavunja lolote. Ukishaonywa ukarudi, unashtakiwa kwa kuingia bila ruhusa. New Jersey mambo ni tofauti: mwaka 1982 Mahakama ya Juu kabisa ya jimbo, katika kesi ya mchezaji Ken Uston dhidi ya kasino ya Resorts ya Atlantic City, iliamua kwamba kasino haiwezi kumtoa mtu kwa uamuzi wake yenyewe eti kwa sababu anahesabu karata, yaani anafuatilia zilizokwisha kutoka. Kesi ile ilihusu blakijaki, mchezo wa karata wa kufikia 21, si poka.

Lakini kumtoa mtu mlangoni si njia pekee. Ipo ya kimyakimya: bahasha za ofa zinaacha kuja, chumba cha bure kinaisha, kadi haihesabu tena pointi. Mtu anaruhusiwa kucheza mpaka achoke, ila zile pointi zilizokuwa zikimbeba hazipo.

Naweza kutumia programu ya simu inayoniambia nibakize karata zipi? (Bila jina)

Nyumbani, kwa mazoezi, sawa. Ndani ya kasino ya Nevada, usithubutu. Tangu 1985 sheria inakataza kifaa chochote cha kukusaidia kukokotoa uwezekano wakati wa mchezo, na ni kosa la jinai lenye kifungo. Karatasi ndogo yenye orodha ya mbinu kwa kawaida haikatazwi.

Shikamoo. Mtoto wa dada yangu yuko Marekani, anataka kumlipa mtu amfundishe "siri" kisha aache kazi ya ulezi wa wazee. Nimwambie nini? (Mama Asha, Tanga)

Marahaba, mama. Mwambie asilipe. Bob Dancer, mmoja wa wachezaji wanaojulikana sana katika fani hii, kwa miaka alifundisha madarasa ya bure ndani ya kasino ya South Point, palepale Las Vegas. Kwa nini kasino ilimkaribisha mwalimu wa namna hiyo? Kwa sababu wengi wanaojifunza hujifunza nusunusu. Mwanao amepewa wafalme wawili, mmoja wa shupaza na mmoja wa kopa, na karata tatu zilizobaki ni shupaza ndogo. Mkono utamwasha akimbize flashi. Hesabu inasema abakize jozi: wastani wa malipo ni sarafu 1.5 dhidi ya 1.2. Akikosea hivyo mara chache kila saa, faida yote imekwisha, naye anarudi kesho akijiona mtaalamu. Mteja kama huyo kasino inampenda kuliko asiyejua kitu.

Na hata asipokosea, royali flashi huja kwa wastani mara moja katika raundi 40,000, yaani saa 50 za kucheza mfululizo, na karibu asilimia 2 ya marejesho imo humo. Kabla haijaja, fedha zinashuka. Ana akiba ya kusubiri? Aendelee na wazee wake.

Nilisikia wachezaji wawili walikamatwa kwa kujua sana. Kweli? (Dereva, Dallas)

Ni habari ya 2009. Mmoja aligundua hitilafu kwenye mashine za poka ziitwazo Game King: kwa kubonyeza vitufe kwa mpangilio fulani, aliweza kubadilisha thamani ya sarafu baada ya kushinda, mashine ikalipa ushindi uleule kwa thamani kubwa zaidi. Akamwambia rafiki yake. Kwa mujibu wa taarifa za wakati huo, alidai nusu ya atakachopata mwenzake, na hapo urafiki ukaingia mchanga. Wote walishtakiwa, hata kwa sheria ya udukuzi wa kompyuta, lakini kufikia mwishoni mwa 2013 waendesha mashtaka walikuwa wameiacha kesi. Hawakuwa wameingiza chochote kwenye mashine zaidi ya vidole. Ila usiichanganye na tisa-sita. Kusoma malipo yaliyoandikwa kwenye kioo ni jambo moja, kutumia kasoro ya mtengenezaji ni jingine kabisa.

Hesabu hizi zinafaa kwa mashine za Dar? (Kijana wa Sinza)

Usichukulie hivyo. Asilimia zote nilizotaja zinasimama juu ya ile kanuni ya Nevada ya karata kutoka kama kwenye pakiti halisi. Mashine inaweza kuonyesha tisa-sita usoni na ndani isifungwe na kanuni hiyo. Waulize Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kwanza, na uombe jibu la maandishi.