WASOMAJI WANAULIZA: Askari weusi kwenye vifaru vya Patton, ni kweli walikuwepo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi msomaji wenu wa Moshi, Kiborloni. Kijiweni kwetu pale Mbuyuni tunapokunywaga kahawa jioni kuna ubishi umechukua wiki nzima sasa. Nilisema kwenye Vita ya Pili Wamarekani walikuwa na kikosi cha vifaru cha watu weusi kilichopigana na Wajerumani Ulaya, jamaa wakanicheka, wakasema weusi wa Marekani kule walikuwa wapishi na madereva wa malori tu. Babu yangu alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles ya Mwingereza, akapigana Burma, kwahiyo hii ishu inanigusa. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wewe ndo mkweli, ila na hao jamaa zako wameshika kipande cha ukweli, ngoja nikueleze.

Kikosi chenyewe ni Batalioni ya 761 ya vifaru, walijiita Chui Weusi. Kilianzishwa tarehe 1 Aprili 1942 kambi ya Claiborne, Louisiana, baadae kikahamishiwa kambi ya Hood, Texas. Askari wote weusi, maofisa mchanganyiko, mkuu wao Luteni Kanali Paul Bates mzungu, na huyu Bates alikuwa mtu wa haki kwelikweli. Walifanya mazoezi zaidi ya miaka miwili, wakati vikosi vingine vilifundishwa muda mfupi kuliko huo vikaenda zao vitani, sababu wakubwa wengi wa jeshi hawakuamini mtu mweusi anaweza kupigana ndani ya kifaru. Hata Jenerali Patton, mkuu wa jeshi la Marekani ambaye ndo walikuja kuwa chini yake, aliandika kwamba hawafikiri upesi kiasi cha kufaa vita ya vifaru. Mimi kila nikifika hapo roho inaniuma.

Na dharau haikuishia kwenye makaratasi. Julai 1944 Luteni mmoja wa kikosi hicho, Jackie Robinson, yule aliyekuja kuwa maarufu kwenye besiboli, aliambiwa na dereva wa basi la jeshi akakae nyuma, akagoma. Bates akakataa kusaini mashtaka, basi Robinson akahamishiwa batalioni nyingine akashtakiwa hukohuko, mahakama ya kijeshi ikamwachia huru Agosti, lakini wenzake wakaenda Ulaya bila yeye.

Sasa kuhusu jamaa zako. Ni kweli askari weusi wengi waliwekwa kupakua meli, kupika na kuendesha malori. Mwaka 1944 kulikuwa na msafara wa malori Ufaransa unaitwa Red Ball Express, usiku na mchana unapeleka petroli na risasi mbele, na kama robo tatu ya madereva wake walikuwa weusi. Kifaru bila petroli ni chuma kimekaa barabarani tu, kwahiyo waambie hao jamaa wasiitaje kazi ya udereva kama kitu kidogo.

Chui Weusi walishuka Normandy tarehe 10 Oktoba 1944, wakaingia vitani tarehe 8 Novemba huko Lorraine, mashariki mwa Ufaransa, mvua, matope, baridi kali. Siku hiyohiyo ya kwanza Bates akajeruhiwa. Kesho yake karibu na Morville vifaru vikakwama kwenye handaki refu ambalo Wajerumani walilichimba kuzuia vifaru, vikawa vinapigwa kimoja baada ya kingine, watu wanatoka wanatambaa kwenye maji ya baridi, na Sajenti Samuel Turley akabaki amesimama na bunduki ya rashasha anawakinga wenzake watoke mpaka akauawa.

Halafu kuna Ruben Rivers, sajenti kutoka Oklahoma. Siku ya kwanza tu, kifaru chake kikiwa mbele, wakakuta mti umelazwa barabarani umefungwa mabomu, akashuka huku risasi zinapigwa, akafunga waya kwenye mti akauvuta pembeni na msafara ukapita. Tarehe 16 Novemba kifaru chake kikakanyaga bomu, mguu ukachanika mpaka mfupa ukaonekana. Wakataka kumchoma sindano ya maumivu wamrudishe nyuma, akakataa vyote viwili, akahamia kifaru kingine. Siku tatu akapigana hivyohivyo na kidonda kinaoza. Tarehe 19 kamanda wake Kapteni David Williams akaamuru vifaru virudi nyuma, Rivers akajibu kwa redio kwamba ameshaziona bunduki za adui na atapambana nazo, akawafyatulia adui mizinga ili wenzake wapate kuondoka. Kifaru chake kikapigwa, akafa. Williams, mzungu, alimwombea nishani ya juu kabisa ya Marekani, nishani ikatoka Januari 1997! Miaka zaidi ya hamsini. Rais Clinton alizitoa saba siku moja kwa mashujaa weusi wa vita ile na aliyekuwa hai kuipokea mwenyewe ni mmoja tu, Vernon Baker.

Kikosi kiliendelea siku 183, kikapita Tillet Ubelgiji kwenye theluji Januari 1945, kikavuka ngome za mpaka wa Ujerumani, na Mei kikiwa Austria kikashiriki kuikomboa kambi ya mateso ya Gunskirchen, kisha kikakutana na Warusi mto Enns. Heshima ya kikosi kizima ilitolewa na Rais Carter mwaka 1978.

Na babu yako, kama alikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, basi mwaka huohuo 1944 alikuwa bonde la Kabaw anahangaika na matope, malaria na Wajapani. Kama kuna mzee bado anayakumbuka masimulizi yake, kaa naye mwaka huu uyaandike.

SWALI: Mimi fundi magari, Unga Limited, Arusha. Nasikia vifaru vya Sherman vya Wamarekani viliwaka sana sababu vilitumia petroli badala ya dizeli. Kweli?

JIBU: Fundi, hapana. Hata kifaru cha Panther cha Wajerumani kilitumia petroli. Kilichokuwa kinawaka zaidi ni risasi za mzinga zilizopangwa ndani, chuma cha moto kikipenya kikazigusa basi, na watu watano wamo humo. Baadae wakazishusha sakafuni kwenye masanduku yaliyozungukwa na maji, moto ukapungua sana. Injini zilikuwa za aina nyingi, kuna ya ndege, kuna V8 ya Ford, na ambayo utaipenda wewe ni ya Chrysler, injini tano za gari ndogo za silinda sita zimeunganishwa pamoja, yaani silinda 30, na plagi 30 za kubadilisha.