Mteja ndiye anayelipa, si wewe

SWALI: Ndugu wahariri, mimi na mume wangu tuna taimushea huko Orlando, Florida: wiki moja kila mwaka katika hoteli ya likizo, na ada ya matengenezo tunalipa hata tusipokwenda. Mwaka huu hatuendi. Kuna mtu amenipigia simu, anajua hoteli na wiki yetu, anasema ana mteja wa kuikodi kwa dola 2,400. Ila kwanza nimtumie dola 395 za kuandaa mkataba. Nifanyeje?
Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Usitume, dada. Katika biashara hii fedha hutoka kwa mteja kuja kwako, na dalali wa kweli hukata chake humo humo. Hizo 395 ni za kuanzia tu. Ukizituma itafuata kodi ya serikali, halafu bima, halafu ada ya kuvusha fedha, na kila moja utaambiwa ndiyo ya mwisho. Watu wanaendelea kulipa kwa kuogopa kupoteza walichokwisha kutoa. Huo ndio mtego wenyewe.

Kuijua wiki yako si ushahidi wa chochote. Hati za umiliki husajiliwa kwenye kaunti na yeyote anaweza kuzisoma. Kwa hoteli za Meksiko hali ni mbaya zaidi: Julai 2024 serikali ya Marekani ilitahadharisha kwamba magenge ya huko, likiwemo lile la Jalisco, hupata habari za wamiliki kutoka kwa watu walio ndani ya hoteli. Kati ya 2019 na 2023, Wamarekani wapatao 6,000 waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300 kwa utapeli huo.

Chukua bili yako ya ada ya matengenezo, upige namba iliyoandikwa pale, si ile aliyokupa yeye. Uliza kama mkataba wako unaruhusu kukodisha, kama huna deni linalozuia wiki kutumika, na jina la mgeni huingizwaje. Kwa kawaida mgeni haandikishwi bila idhini ya mmiliki, kwa hiyo mteja wa kweli lazima apitie kwako. Halafu mdai dalali namba ya leseni. Florida, anayekodisha mali ya mwingine kwa kamisheni mara nyingi anatakiwa awe na leseni ya udalali wa mali, na leseni hukaguliwa bure kwenye tovuti ya DBPR, idara ya jimbo inayosimamia leseni za kazi na biashara. Matapeli huazima majina ya madalali halisi, hivyo mtafute mwenye leseni kwa simu uliyoipata mwenyewe.

Akigeuza maneno na kukuletea hundi ya dola 3,400 ili umrudishie 1,000, kataa. Benki inaweza kukuonyesha fedha baada ya siku moja au mbili, kisha hundi ikagundulika bandia wiki kadhaa baadaye. Deni litakuwa lako.

SWALI: Tumepata wiki ya mtu kwa nusu ya bei ya hoteli. Ametuma picha na barua ya uthibitisho, anataka tulipe kwa Zelle, huduma ya kutuma fedha papo hapo kutoka akaunti ya benki.
Msomaji, Dallas

JIBU: Bei ya chini peke yake isikutishe, wamiliki wengi wanatafuta tu kurudisha ada yao. Kinachotutia shaka ni Zelle, maana fedha ikishatoka hairudi kirahisi. Barua nayo hughushiwa. Mwambie aandikishe jina lako hotelini, kisha piga hoteli mwenyewe uthibitishe jina, tarehe na ukubwa wa chumba. Lipa kwa kadi ya mkopo: una siku 60 tangu taarifa ya kadi itumwe kupinga malipo hayo kwa barua. Mmiliki anaweza kufuta nafasi hata baada ya kulipwa, kwa hiyo bakiza sehemu ya malipo na upige tena hoteli kabla ya kuimalizia.

SWALI: Nilishamtumia dalali wa namna hiyo dola 1,800 kwa waya, yaani uhamisho wa benki. Sasa kuna wakili anasema atazirudisha nikimlipa 500.
Msomaji, Phoenix

JIBU: Pole sana. Huyo ni yule yule aliyekutapeli, au kauziwa jina lako. Usimlipe. Piga benki leo hii uombe waya urudishwe, kwani saa 72 za kwanza ndizo zenye matumaini makubwa. Ripoti FBI kupitia ic3.gov, na FTC, tume ya serikali inayolinda wateja, kupitia reportfraud.ftc.gov, ukiwa na risiti, ujumbe wote na jina la akaunti iliyopokea. Kuripoti ni bure.