Namba Ilipanda, Nikajisifu

Juzi msomaji mmoja alinitumia picha ya skrini ya saa yake janja, pale inapopima jinsi muda kati ya pigo moja la moyo na jingine unavyotofautiana: milisekunde 24, na chini yake swali moja tu, "Kaka, nitafika kesho?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi niliponzwa na namba kubwa, si ndogo.

Moyo wenye afya haupigi kama saa ya ukutani. Hata ukipiga mara 60 kwa dakika, pigo moja laweza kuja baada ya milisekunde 940, linalofuata baada ya 1,050. Ukivuta pumzi moyo unakwenda mbio kidogo, ukiitoa unatulia. Tofauti hizo ndizo saa inazozipima. Zikishuka chini ya kawaida yako, huenda mwili umeelemewa: homa inanyemelea, hukulala, au jana ulikunywa pombe.

Mimi nilizoea kuamka na 45. Mwaka jana ikaanza kupanda: 70, 95, siku moja 130. Nikajiona mwanariadha! Nikaitupia kwenye kundi la familia na kumtania shemeji yangu mwenye 30. Ngazi zilinichosha, nikasingizia umri. Ni shemeji huyohuyo aliyenishika mkono siku moja, akaweka vidole viwili kwenye mshipa, akakaa kimya kuliko nilivyopenda.

"Yanaruka," akasema. "Yanasita, halafu yanakuja matatu kwa mpigo."

Kipimo cha umeme wa moyo kilimaliza ubishi: mpapatiko wa atiria. Vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kubana, damu inatuama, na ikiganda yaweza kuleta kiharusi. Mapigo yangu yalikuwa yamevurugika, na saa ikaisoma vurugu hiyo kama afya.

Basi nisikilizeni. Pima asubuhi kabla hujainuka kitandani, maana ukitembea ile taa ya kijani chini ya saa hukosea sana. Tazama wiki nzima, si namba moja. Usishindane na mtu. Jilinganishe na wewe wa jana. Narudia, usishindane. Namba ikiruka bila sababu, juu au chini, shika mshipa wako kisha ukapimwe. Na kifua kikibana, achana na programu, kimbia hospitali hata kama saa inakusifia.

Yule msomaji nilimuuliza alikuwa na ngapi mwezi uliopita. Akaleta 23, 25, 24. Nikamwambia alale. Shemeji naye bado anaamka na 30 yake, na ile 130 yangu kila sikukuu anaipandisha upya kwenye kundi.