Ufizi wa mja mzito: maswali ya wasomaji wetu

*Assalaam aleikum. Nina mimba ya miezi minne, na kila nikipiga mswaki natema damu. Bibi yangu ananihimiza niuache mswaki hadi nijifungue, nisukutue kwa maji ya chumvi tu. Nimsikilize? – Msomaji, Wete*

Waaleikum salaam. Maji ya chumvi ya uvuguvugu hayana ubaya, na huutuliza ufizi uliovimba, lakini mswaki usiuache hata siku moja. Wakati wa mimba homoni za projesteroni na estrojeni huongezeka sana mwilini, damu nyingi zaidi hupita kwenye ufizi, na ufizi huo huwa mwepesi kuvimba kwa ukoga mdogo ambao kabla ya hapo usingeusumbua. Homoni basi huukuza uvimbe, ila kinachouanzisha ni vijidudu vilivyomo katika ukoga uliokaa baina ya jino na ufizi. Anayeacha kupiga mswaki kwa kuogopa damu huuacha ukoga ule uzidi, damu nayo ikazidi, na hofu yake ikapata nguvu mpya. Kwa kawaida hali hii huanza mwezi wa pili, hufikia kilele karibu na mwezi wa nane, kisha hupungua baada ya kujifungua.

Tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi, mara mbili kwa siku, kwa dakika mbili, ukiuelekeza kwenye mpaka wa jino na ufizi bila ya kukandamiza. Wanaopenda mswaki wa mti waendelee nao, mradi ncha iwe imetafunwa ikalainika, na wajitahidi kufika upande wa ndani wa meno ya nyuma, ambako mti haufiki kwa wepesi. Ikiwa baada ya wiki mbili za kusafisha vizuri damu bado inatoka, nenda kwa daktari wa meno, kwani ukoga uliokwisha kuwa mgumu hautoki kwa mswaki wa aina yoyote.

*Mke wangu ana mimba ya miezi mitano na jino linamuuma usiku kucha. Majirani wanasema sindano ya ganzi na kung'oa jino huharibu mimba. Tusubiri azae? – Baba mtarajiwa, Chake Chake*

Msisubiri. Matibabu ya meno yanayohitajika hufanywa katika mwezi wowote wa mimba, na mwezi wa nne hadi wa sita ndio wenye nafuu zaidi, kwa kuwa kichefuchefu kimepungua na tumbo halijawa zito kiasi cha kumtaabisha kitini. Ganzi ya kawaida ya lignokeini hutumika kwa wajawazito, na hata picha ya eksirei ya jino hupigwa ikihitajika, kwa sababu mionzi yake ni midogo sana. Jino lenye usaha likiachwa ndilo linaloweza kumletea homa na maambukizi yanayosambaa. Aende na kadi yake ya kliniki, aeleze umri wa mimba.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni dawa zinazonunuliwa dukani bila ya ushauri. Tetrasaikilini na doksisaikilini hutia rangi meno ya mtoto yanayoumbika tumboni, na ibuprofeni kuanzia wiki ya 20 inaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kipimo sahihi ndiyo inayofaa, wakati mnajiandaa kwenda hospitali.

*Ni kweli ufizi mbovu humfanya mtu ajifungue kabla ya siku zake? – Msomaji, Makunduchi*

Tafiti zimeona kwamba wenye ugonjwa mkubwa wa ufizi hujifungua mapema zaidi kuliko wengine, lakini haijathibitika kuwa kuutibu ufizi wakati wa mimba huzuia jambo hilo. Utibu kwa ajili ya meno yako mwenyewe. Sababu hiyo inatosha.

*Mswaki ukiingia kinywani tu natapika. Nifanyeje, na Ramadhani inakaribia? – Mama mtarajiwa, Fuoni*

Tumia mswaki wa mtoto wenye kichwa kidogo, dawa kidogo isiyo na ladha kali, na uchague saa ambayo tumbo limetulia, hata ikiwa ni adhuhuri. Ukishatapika usipige mswaki papo hapo, kwa sababu asidi ya tumboni huwa imelainisha uso wa jino; sukutua kwa maji, kisha subiri nusu saa. Ikiwa daktari amekuruhusu kufunga, piga mswaki baada ya daku na tena kabla ya kulala, hasa ukiwa umekula tende na kaimati.

*Kinyama chekundu kimeota baina ya meno yangu ya mbele na kinavuja damu nikila. Mimba ina miezi sita. Je, ni saratani? – Msomaji, Mkoani*

Uvimbe wa namna hii hutokea kwa baadhi ya wajawazito, na kwa kawaida si saratani, lakini daktari wa meno akitazame ili kuwe na uhakika. Usikifunge uzi wala usikikate kwa wembe, kwani kina mishipa mingi ya damu. Safisha taratibu mahali hapo kila siku. Mara nyingi daktari hukiacha, kwa sababu hunywea baada ya kujifungua, ila kikizuia kula au kikitoa damu nyingi hukiondoa kwa ganzi. Kikibaki miezi michache baada ya uzazi, rudi kikatwe na kipimwe.