Jenereta ya AC usiipimie kwa wati peke yake

Jenereta yangu ya kwanza niliinunua kwa hesabu niliyoona haina kasoro kabisa, AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) imeandikwa wati 1,100, jenereta imeandikwa wati 2,000, sasa hapo si inabaki hata ya friji na taa? Umeme ulipokatika nikawasha, feni ya ndani ikapuliza vizuri tu, ila kompresa, ile pampu ya gesi kwenye boksi la nje, ilipotaka kuanza jenereta ikazama sauti, taa zikafifia, kompresa ikaunguruma kidogo ikakata. Nikawasha tena na tena palepale, na hilo ndo kosa baya zaidi, ntalielezea mbele.

Zile wati 1,100 ni za AC ikiwa tayari inatembea, kwa volti 230 ni kama ampea 5 tu. Lakini mota ya kompresa ya kawaida ikiwa imesimama haina kitu cha kuupinga sana umeme unaoingia, mpaka ishike mzunguko ndo mvuto unashuka, kwahiyo pale mwanzoni inaweza kuvuta mara 5 au zaidi. Haifiki hata sekunde moja, lakini jenereta inashindwa hapohapo. Nenda kwenye boksi la nje la AC, soma kibandiko, tafuta herufi LRA, hizo ndo ampea za kuanzia. Yangu ni 26. Zidisha kwa 230 unapata karibu VA 6,000, yaani kVA 6! Jenereta inavumilia kuzidiwa kidogo kwa muda mfupi, ila sio mara tatu jamani.

Halafu kVA (volti mara ampea, kwa maelfu) sio kW (wati kwa maelfu, umeme unaofanya kazi kweli), jenereta ya kVA 2.5 mara nyingi inatoa kW 2, na ile namba kubwa kwenye katoni mara nyingi ni ya kilele, ya kutembea nayo muda wote ni ndogo zaidi.

Kuhusu kuwasha tena haraka: kompresa ikizima gesi bado ina presha upande mmoja, subiri dakika 3 au zaidi itulie, la sivyo mota inakwama, inachemka na waya zake zinaweza kuungua.

Kama AC bado hujanunua basi chukua ya inveta, kompresa yake inaanza polepole na jenereta ndogo inaimudu. Kama unayo ya kawaida, muulize fundi kifaa cha kuianzisha taratibu, na ukiwasha jenereta anza na AC peke yake, friji isubiri mpaka kompresa itulie.