Kabla ya Kutafuta Jeni, Lijue Bonge Lenyewe

Ukitaka kujua ni jeni zipi zinazofanya seli za hamira zishikane mabonge, usikimbilie kusoma DNA kabla hujajua bonge lililo mbele yako ni la namna gani. Mimi nilikimbilia, nikapoteza miezi.

Nilikuwa nimepandanisha hamira ya porini, ambayo ilitua chini ya mrija kama tui lililokatika, na S288C, hamira ya maabara isiyoshikana, ambayo jenomu yake ilikamilika kusomwa mwaka 1996. Nilitenganisha spora, yaani chembe za uzazi zinazokaa nne nne ndani ya mfuko mmoja, chini ya hadubini, nikaotesha kila moja peke yake, kisha nikachanganya DNA ya zote zilizoshikana. Nilitarajia wazazi wawili wachangie nusu kwa nusu karibu kila mahali, isipokuwa kwenye jeni inayohusika, ambapo nakala ya porini ingekaribia asilimia 100. Badala yake, kwenye grafu ya mchango wa mzazi wa porini nilipata vilima viwili, kwenye kromosomu ya 2 na ya 5, na vyote viliishia kwenye theluthi mbili.

Jibu lilikuwa ndani ya daftari langu tangu mwanzo. Jeni moja hugawa spora mbili kwa mbili katika kila mfuko, ilhali mimi nilikuwa na mifuko mingi ambayo spora tatu zilishikana na moja haikushikana. Hizo ni sababu mbili, ambazo yoyote kati yake inatosha kuleta bonge.

EDTA, kemikali inayonyakua kalsiamu, ndiyo inayozitofautisha. Protini za FLO, zile za kunatia zilizo juu ya seli, hushika manosi, sukari iliyo kwenye ukuta wa seli jirani, na haziwezi kushika bila kalsiamu. EDTA ikiinyakua kalsiamu hiyo, mabonge huyeyuka mbele ya macho yako na mrija mzima huwa na ukungu. Seli binti ambayo haijaachana na mama yake haijali EDTA, kwa kuwa ukuta bado unaziunganisha. Huko ndiko iliko AMN1, kwenye kromosomu ya 2, ambayo nakala yake ya porini huchelewesha kuachana huko. Kwenye kromosomu ya 5 kuna FLO8, ambayo yenyewe hainati ila huwasha jeni zinazonata kama FLO1. Katika S288C, FLO8 hiyo imekatika njiani.

Niliporudia kwa kuchagua tu zile zilizotawanyika kabisa ndani ya EDTA, kilima cha kromosomu ya 5 kilipanda hadi karibu asilimia 100. Soma pia DNA ya kundi lisiloshikana, hata kama bajeti ni ndogo. Mimi niliokoa fedha hapo, na ndipo nilipojiumiza. Tahadhari zaidi kilima kikiangukia FLO1 yenyewe, kwa sababu imejaa vipande vinavyojirudia, na usomaji wa vipande vifupi vya DNA huvichanganya.

Hata hivyo, kilima hakijawa ushahidi. Niliirudishia S288C nakala nzima ya FLO8, na asubuhi yake nikakuta mabonge yamelala chini ya mrija. Nilitia EDTA, yakatawanyika.