Jino limeshatoka, sasa damu haikati

Karibu maswali yote ya wiki hii ni ya watu waliokwisha kung'oa. Natamani yangekuja kabla.

Nimeng'oa gego la chini Jumatatu. Leo Alhamisi maumivu yanapanda hadi sikioni na kinywa kinanuka. Navuta sigara. Kuna kipande kimebaki? (Ngamiani)

Picha itaonyesha, ila maelezo yako ni ya shimo kavu. Jino likitoka, damu huganda shimoni ikafunika mfupa. Donge hilo likitoka mapema mfupa unabaki wazi, na maumivu huja siku ya pili hadi ya nne, kama yako. Wanaopata zaidi ni wavutaji, waliong'olewa magego ya chini, hasa lile la mwisho, waliotolewa jino kwa shida, na akina dada wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Rudi ulikong'olewa, shimo lisafishwe na kutiwa dawa. Antibiotiki peke yake haitaondoa maumivu hayo. Sigara iache kabisa mpaka kidonda kifunge. Na wengine mnisikie: naona watu wanatoka kung'oa, pamba bado shavuni, wanasimama kwenye mkokoteni wa madafu na kufyonza kwa mrija. Kufyonza huko ndiko kunalitoa donge. Dafu mimina kwenye glasi.

Naruhusiwa kusukutua maji ya chumvi siku hiyohiyo? (Mabawa)

Hapana. Subiri saa 24. Nimelijibu hili mara nyingi mno. Likateni mlibandike ukutani.

Shikamoo daktari. Baba ana miaka 68 na anatumia warfarini. Jirani anasema aiache wiki nzima ndipo akang'oe. (Chumbageni)

Marahaba. Asiiache kwa neno la jirani. Dawa hiyo inazuia damu kuganda ndani ya moyo na mishipa. Akiikatisha anaweza kupata kiharusi, na fizi inayovuja ina tiba nyepesi kuliko kiharusi. Apime INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, kabla ya kung'oa. Ikiwa chini ya 4, kwa kawaida jino hutolewa dawa ikiendelea, na shimo likashonwa. Akiandikiwa Flagyl baadaye, aseme yuko kwenye warfarini, maana zikikutana damu huvuja zaidi.

Hapa ndipo ninapoumia. Mgonjwa anaulizwa, "Una ugonjwa wowote?" Anajibu, "Mzima tu," kwa hofu ya kuambiwa arudi siku nyingine. Ganzi inachomwa, jino linatoka, ndipo mke anaingia na kusema mzee ana presha na sukari, na ana vidonge vya moyo. Semeni yote: kisukari, selimundu, ini, VVU. Aliyewahi kupigwa mionzi ya shingo au taya, hata miaka mingi iliyopita, na anayechomwa sindano za kuimarisha mifupa kwa sababu ya saratani, aseme kabla ya kukaa kwenye kiti. Mfupa wa taya yake unaweza kushindwa kupona ukafa. Vidonge vyako beba kwenye mfuko, uviweke mezani.

Sukari yangu iko juu. Ningoje ishuke? (Pangani)

Kama jino halina usaha, ngoja. Lenye usaha halingojwi, nenda hospitali. Na usiende na njaa.

Mtoto wa miezi mitano ana homa na anaharisha. Bibi yake anasema ni meno ya nailoni, yang'olewe. (Muheza)

Usikubali. Meno ya nailoni hayapo. Ule weupe ndani ya fizi ni jino changa. Mtoto anaumwa malaria au tumbo, kisha fizi inachimbwa kwa chuma kichafu, anapoteza damu na kupata maambukizi. Watoto wamekufa hivyo. Ongea na bibi kwa heshima, lakini mtoto usimtoe. Mpeleke zahanati leo.

Mume wangu aling'oa juzi. Uvimbe umeshuka chini ya kidevu, hamezi hata mate. Nimpe amoksilini iliyobaki nyumbani? (Makorora)

Huyu nilimpigia simu dakika ileile. Nalichapa kwa ajili yenu wengine: uvimbe chini ya kidevu, ulimi kuinuka, mate kushindwa kumezeka au pumzi kubana, hayo ni ya hospitali ya Bombo usiku huohuo. Usaha wa taya unaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache, na hakuna kidonge cha kabatini kitakachouwahi.